Kazi za Muda za Serikali: Namna ya Kuzipanga Ujira Ufike Jikoni

Tuseme serikali imeleta shilingi milioni 40 za kazi za muda katika shehia moja ya Wete, Pemba. Fedha hizo zinaweza kulipa nyumba 80 ujira wa siku 60 kila moja. Zinaweza pia kukodi greda, kununua saruji na kuacha vibarua kumi na wawili wakishika vibendera barabarani. Kwenye ripoti yote mawili huandikwa "ajira". Mwongozo huu ni wa kamati ya shehia, sheha, diwani na yeyote aliyetakiwa kuandika maombi ya mradi wa aina hii katika mji uliopoa: mji ambao bandari yake haina shughuli kama zamani, vijana wake wameshavuka kwenda Unguja na Bara, na waliobaki wanangoja msimu wa karafuu.

Fedha huja kwa milango miwili. Wa kwanza ni TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Serikali ya Muungano ulioanzishwa mwaka 2000. Mpango wake wa Kunusuru Kaya ulianza 2012, na kwa Zanzibar husimamiwa kupitia Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais. Humo ndani mmekuwa na kazi za ajira za muda za hadi siku 60 kwa mwaka kwa kaya iliyoandikishwa. Mlango wa pili ni bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), kupitia wizara na Baraza la Mji au Halmashauri. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Baraza la Wawakilishi hujadili bajeti mwezi wa Mei na Juni. Maombi yakifika wilayani Aprili, yameshachelewa. Yatakiwa yawe mezani kabla ya Disemba kwisha, yakiwa na vipimo na hesabu, si barua ya malalamiko kwamba vijana hawana kazi. Hilo wanalijua.

Anzeni na siku, si shilingi

Kipimo cha kazi hizi ni siku ya kazi: mtu mmoja, siku moja. Nyumba 80 mara siku 60 ni siku 4,800. Kwa mfano wa ujira wa shilingi 5,000, hizo ni milioni 24. (Kiwango chenu halisi ni kile kilichoandikwa kwenye barua ya mradi, msibuni cha kwenu.) Zilizobaki, milioni 16, ni za vifaa, mafundi, usimamizi, usafiri na makato ya kutolea pesa. Huo ni uwiano wa 60 kwa 40. Sheria ya ajira vijijini ya India ya mwaka 2005, iliyoahidi kila kaya ya kijijini siku 100 kwa mwaka, iliweka mpaka huo huo: vifaa visizidi asilimia 40. Mkiona makisio yenu yamepita hapo, kuna saruji au mashine imeingia pasipo pahala pake.

Kosa kubwa kuliko yote huja baada ya hapo, nalo ni kuchagua kazi ndogo. Kamati huandika "kuchimba mtaro wa mita 200" na kuridhika. Haya, tuupime mtaro wenyewe.

Juu upana mita 1.2, chini mita 0.6, kina mita 0.6. Eneo la mkato ni mita za mraba 0.54, kwa hiyo mita 200 ni mita za ujazo 108. Kwenye udongo laini mtu mmoja mwenye jembe na beleshi huchimba na kutupa nje kama mita za ujazo 2 kwa siku. Penye mawe huwa chini ya 1. Wachimbaji basi ni siku 54. Kila wachimbaji wawili wana mbebaji mmoja wa kuondoa udongo, siku 27. Mkijenga mawe kwenye mita 40 tu, ongezeni siku 10 za fundi na 20 za saidia. Jumla siku 111. Tia ziada ya mvua, upimaji na mambo mengine, ziwe 130.

Watu 40 wanaumaliza mtaro huo kwa siku tatu na kitu. Siku 4,800 zinataka kazi nyingi kuliko hivyo, na ndipo utakapoona watu wamekaa chini ya mwembe na majembe yao huku daftari likiandikwa "yupo", au mtaro uliokwisha ukichimbwa mara ya pili. Dawa ni kuwa na orodha ya kazi zilizopimwa tayari kabla fedha hazijaja. Kwa shehia yenye ufukwe na bonde, orodha inaweza kuwa hivi: mitaro ya mita 3,000 kwa siku 1,950, kupanda na kutunza mikoko hekta 6 kwa siku 450, tuta la kuzuia maji ya chumvi la mita 300 kwa siku 1,008, pahala pa watoto pane kwa siku 480. Hizo ni 3,888. Siku 912 zilizobaki, ukitoa 200 za kuzibua mitaro tutakazozitaja mwishoni, ziende kwenye njia za miguu, uwanja wa skuli, kuzoa taka na kisima kilichofukiwa.

Mtaro, kwa karibu

Mitaro tunaikalia kitako kwa sababu ndiyo inayofaa mjini: inakula watu, haili saruji, na faida yake huonekana mvua ya kwanza. Nayo ndiyo inayoharibiwa sana.

Kwanza mteremko. Kipimo cha chini ni sentimita 1 kwa kila mita 2. Mita 200 zinataka kushuka mita 1 nzima. Macho hayafai kwa hili hata kidogo. Chukueni mpira wa leveli, yaani mpira mwembamba wa mita 20 unaoonyesha maji ndani, vijiti viwili vilivyotiwa alama za sentimita, na watu wawili. Toeni mapovu yote ya hewa kwenye mpira, maana povu moja hutosha kuwadanganya kwa sentimita kadhaa. Pigeni vigingi kila mita 10 na muandike kina juu ya kila kigingi. Mteremko ukizidi sentimita 4 kwa kila mita 2, maji yatakwenda mbio na kula udongo. Hapo ndipo pa kujenga mawe au kukata vidato.

Pili, anzeni kuchimba chini, kwenye mdomo, mkipanda juu. Ukianza juu, mvua ya usiku mmoja inakugeuzia mtaro kuwa bwawa, na asubuhi watu 24 wanateka maji kwa ndoo. Mdomo wenyewe uangaliwe siku ya bamvu, maji yakiwa yamejaa kabisa. Mtaro unaomwaga vizuri maji yakiwa yamekupwa unaweza kuyarudisha mitaani wakati wa bamvu. Nyanyueni mdomo, au muutoe mahali pengine.

Tatu, udongo uliotoka ukae mbali na ukingo, sentimita 60 angalau. Ukilundikwa pale pale, hurudi wenyewe ndani mvua ya pili. Kingo zisisimame wima, hasa kwenye mchanga. Zilale kama vipimo vya hapo juu vinavyoonyesha.

Kuhusu saruji: kujenga mawe mita zote 200, kwa unene wa sentimita 15, hula kama mifuko 130 kwa mchanganyiko wa 1 kwa 4. Mita 40 za penye kona, penye mteremko mkali na mdomoni hula kama 26. Tofauti ya mifuko 104 ni ujira wa nyumba kadhaa. Basi jengeni panapolika tu. Mahali hapo mchimbe zaidi sentimita 15 kila upande na chini, la sivyo mawe yataubana mtaro na maji yatapita juu.

Kazi ya siku igawiwe kwa ngwe, yaani kipande kilichopimwa cha mtu mmoja. Kwenye udongo laini ngwe ni mita 3.5 za mtaro huu. Penye mawe, mita 1.5. Mtu akimaliza ngwe yake saa nne na nusu asubuhi, aende zake. Hapo ana mchana mzima wa kwenda mwanini, shambani au dukani kwake, na hiyo ni faida ya pili ambayo fedha za mradi hazikuilipia. Kazi ya kushinda kutwa mpaka saa nane haimwachii nafasi hiyo. Ila ngwe ipimwe upya kila udongo unapobadilika. Mkiwaacha wawili penye jiwe wakabidhiwe mita 3.5 kama wa kwenye mchanga, kesho hawaji.

Tuta na mikoko, kwa ufupi

Tuta la kuzuia maji ya chumvi lisianzwe bila mhandisi na afisa wa umwagiliaji wa wilaya kufika. Kimo mita 1.2, juu mita 1, kitako mita 4.6, kwa mita 300 hutaka udongo wa mita za ujazo 1,008. Kuchimba, kubeba na kushindilia kwa pamoja, hesabuni mita 1 ya ujazo kwa mtu kwa siku. Udongo umwagwe kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe kabla ya ya pili kuja. Matuta mengi hupasuka kwa sababu ya tabaka la nusu mita lililomwagwa kwa haraka siku ya mwisho, au mizizi na magogo yaliyoachwa ndani yakaoza na kuacha njia ya maji. Kaa nao hutoboa. Tuta likae nyuma ya mikoko; mkikata mikoko kupisha tuta, mmeondoa kinga yake, na mmevunja sheria ya misitu.

Mikoko hupandwa kwa nafasi ya mita 1 kwa 1, miche 10,000 kwa hekta. Hesabu ya miche 200 kwa mtu kwa kupwa moja ni ya salama. Kijiti cha mkoko kilichokomaa kina shingo iliyogeuka manjano na huachia kikiguswa, kinachong'ang'ania kiacheni. Thuluthi moja iingie topeni. Kila aina ina mahali pake: mlilana hukaa mbele kabisa upande wa bahari, mkoko kwenye tope laini kando ya vijito, mkandaa nyuma panapokauka. Miradi mingi hufa kwa kupanda chini mno, kwenye majani ya pwani wanapolima mwani kina mama, kwa kuwa pale ni peupe na picha hutoka nzuri. Hapo miche hufa na wakulima wa mwani hukasirika, kwa haki.

Kalenda

Msimu wa karafuu ukibeba, wachumaji hulipwa kwa pishi, na mchumaji hodari hupata kwa siku zaidi ya ujira wowote wa kazi za muda. Mkipanga mtaro wakati huo mtabaki na wazee na daftari. Mbaya zaidi, mtu ataandikishwa huku na kuchuma kule, na mtihani wa uaminifu mtakuwa mmeutunga nyinyi. Kazi ziende kwenye miezi ambayo mtungi ni mtupu.

Mitaro imalizwe Januari na Februari, kabla masika hayajaingia Machi. Kazi za pwani zifuate mwezi: siku za bamvu kwa kupanda mikoko, kwa kuwa maji hukupwa mbali, na siku za maji mafu kwa tuta. Waulizeni wakulima wa mwani kabla ya kupanga, maana siku za bamvu ndizo zao pia. Ramadhani kazi ianze alfajiri baada ya sala na iishe saa nne, kwa ngwe iliyopunguzwa. Kuchimba kwa kiu mpaka adhuhuri hakuna anayekuweza. Na miezi ya kufungua skuli, wakati sare na madaftari vinadaiwa, ujira uwe umeshalipwa, usiwe "upo njiani".

Tarehe ya mwisho isemwe siku ya kwanza. Marekani, katika mdororo wa miaka ya 1930, mpango ulioitwa CWA ulianza Novemba 1933 na kufikia Januari 1934 ulikuwa umeajiri zaidi ya watu milioni 4. Kwa kasi haukuwa na mfano. Machi 1934 ukafungwa. Familia iliyokopa kwa kutegemea ujira wa mwezi wa nne ilibaki na deni. Siku 60 ni siku 60. Ziandikeni ubaoni, na kila Ijumaa mubandike zilizobaki.

Nyumba ni ipi?

WPA, mpango mkubwa zaidi wa Marekani wa miaka hiyo, uliendelea toka 1935 mpaka 1943 na ulipitisha watu kama milioni 8.5. Kanuni yake ilikuwa mtu mmoja kwa kila familia. Ilionekana ya haki, lakini kwa kawaida huyo mmoja alikuwa mume, na wanawake walibaki sehemu ndogo tu.

Kwetu kanuni hiyo ina tatizo jengine. Mwanamme mwenye wake wawili ana majiko mawili. Mkiandika "kaya ya fulani" kwa jina lake, mke mmoja atalala njaa na daftari litasema nyumba yake imelipwa. Andikeni jiko: wanaokula chungu kimoja ndio kaya. Mjane anayeishi kwa kaka yake lakini anapika mbali ni kaya yake. Kijana aliyeko Unguja anayeleta pesa mara moja kwa mwaka si mkaazi wa jiko hilo, wala asihesabiwe kuwa nguvu kazi yake.

Orodha isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa shehia, kisha ibandikwe kwa sheha na kwenye duka linalotembelewa zaidi kwa siku saba. Watu hawatasimama mkutanoni kumtaja jirani, lakini dukani watasema. Wekeni mtu wa kusikiliza hayo, asiye ndugu wa wajumbe.

Asiyeweza kazi asilazimishwe kuchimba ili astahili. Mzee, mlemavu, mja mzito na mama mwenye mtoto mchanga wana haki ya msaada wa moja kwa moja au kazi nyepesi: kugawa maji, kushika daftari, kutunza vifaa, kulea watoto. Chini ya miaka 18 asiandikwe, hata akiletwa na mamake.

Pahala pa watoto msipaone kama anasa. Sheria ile ya India iliagiza kwamba watoto wa chini ya miaka sita wanaokuja na mama zao eneo la kazi wakifika watano au zaidi, awekwe mlezi anayelipwa ujira ule ule, na kwamba wanawake wasipungue thuluthi moja ya wafanyakazi. Hapa, chumba cha chuo cha Kurani wakati hakuna darsa, mikeka miwili, maji ya kunywa na walezi wawili vinatosha kwa watoto ishirini. Bila hayo mama huja na mtoto mgongoni akachimba nusu ngwe, au binti wa darasa la sita huachishwa skuli kubaki nyumbani. Hapo mmetia pesa mkono mmoja na kutoa darasa kwa mkono wa pili.

Jina kwenye karatasi

Malipo mengi hukwama kwa herufi moja. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinasema "Time Hamad Faki", laini ya simu imesajiliwa "Time Hamadi", na orodha ya kamati imeandika "Bi Time wa Mzee Faki". Mfumo wa malipo hauna ubinadamu wa kujua kuwa ni mtu mmoja. Orodha inakiliwe kutoka kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, kitambulisho kikiwa mezani, si kwa kukumbuka. Laini isiyolingana irekebishwe kwenye duka la kampuni ya simu, mwenyewe akiwapo, kabla orodha haijapelekwa. Asiye na kitambulisho aende kwenye ofisi ya usajili ya wilaya mapema. Msisubiri wiki ya malipo.

Laini iliyosajiliwa kwa jina la mwana wa kiume ni hatari nyengine. Pesa humfikia mwana. Pengine humfikia mama, pengine hununua bando. Mpango wa vijana wa Marekani, CCC, ulioanza 1933, uliwalipa vijana dola 30 kwa mwezi, na 25 kati yake zilipelekwa moja kwa moja nyumbani kwao. Hatuna sheria ya hivyo, wala hatuiombi, ila laini iwe ya anayepika.

Daftari

Daftari la mahudhurio liwe na safu saba: namba, jina kamili, namba ya kitambulisho, jiko, ngwe aliyopewa, ngwe aliyomaliza, saini au dole. Asubuhi watu waitwe majina. Saa ya kumaliza mpimaji apite na kamba, mwandishi aandike mbele ya mwenye ngwe: "Bi Fatma, mita tatu na nusu, kamili. Tia dole." Jioni ukurasa upigwe picha na utumwe kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Picha hiyo, yenye saa yake, ndiyo itakayowaokoa siku daftari litakapoloa au litakapoota majina mapya.

Majina hewa hugundulika kwa hesabu rahisi. Mita zilizochimbwa, zigawe kwa mita 3.5. Daftari likisema wachimbaji 24 na mtaro ukisema 17, saba wako wapi? Ulizeni swali hilo kila wiki, sio mwisho wa mradi. Lisipojibika, lipelekeni wilayani kwa maandishi, na likihusu rushwa, ipo Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi.

Ujira ulipwe kila wiki mbili. India waliweka siku 15. Ukichelewa mwezi na zaidi, haya hufuatana: nyumba hukopa dukani, muuza duka, naye ana watu wanaomdai, hupandisha bei ya mkopo, kisha mwenye kazi huuza siku zake kwa mtu mwenye pesa taslimu, kwa nusu. Ikifika hapo mradi unamnufaisha aliyekuwa nazo tangu mwanzo. Kinga ni kamati kupeleka karatasi ya malipo wilayani ndani ya siku mbili za kufunga wiki, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Bila muhuri hamtajua kama imelala kwenu au kwao. Makato ya kutolea pesa yahesabiwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Mtu aliyechuma 50,000 ashike 50,000.

Vifaa vya watu arobaini

Gawanyeni makundi manne ya watu kumi: wachimbaji sita, wabebaji watatu, mmoja wa kamba na leveli. Kila kundi lipate majembe 4, sururu 3, mabeleshi 4, toroli 3, karai 4, mtaimbo 1, mabuti na glavu za kila mtu. Maji ya kunywa lita 4 kwa mtu. Sanduku la huduma ya kwanza moja kwa makundi mawili, na mtu anayejua kulitumia.

Mipini ya akiba inunuliwe siku moja na vifaa: kumi kwa makundi manne. Siku ya tatu mipini huanza kukatika na kazi husimama kwa kitu cha bei ya mkate. Toroli zenye gurudumu la plastiki gumu zisinunuliwe hata kama ni rahisi. Kwenye mawe ya huku zinapasuka wiki ya kwanza. Vifaa vihesabiwe jioni kwa namba zilizochongwa kwenye mpini, kwani rangi hufutika. Visivyorudi vikatwe kwa kundi zima? Hapana. Hukata ujira wa asiyehusika na huleta ugomvi. Vitunzwe na mtunza stoo anayelipwa.

Baada ya siku ya sitini

Kwa mfano wetu nyumba moja imepata shilingi 300,000 kwa awamu. Deni la duka litachukua sehemu, na hilo ni sawa. Kinachosaidia ni kikundi cha kuweka na kukopa kianze wiki ya malipo ya kwanza, sio ya mwisho: watu 15 hadi 25 wa mtaa mmoja, hisa ndogo ambayo hata mnyonge anaiweza, sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Kikundi kilichoanzishwa baada ya pesa kwisha huwa ni cha kuombea mkopo tu. Kikiwa na daftari lililotulia la miezi mitatu, ndipo kipeleke maombi ya mkopo kwa Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi.

Vijana walioshika usaidia wa fundi wapewe barua inayotaja siku walizofanya, kazi gani, na saini ya fundi na mhandisi. Wenye mwelekeo wapelekwe kituo cha mafunzo ya amali, Vitongoji au Daya Mtambwe, na barua hiyo mkononi. Chagueni wanane, sio arobaini. Fundi mmoja hawezi kumfundisha mtu wa tano.

Na katika zile siku 4,800, wekeni kando 200 kabla hamjagawa hata moja. Hizo ni za kuzibua mitaro mara mbili: wiki ya mwisho ya Februari, na tena baada ya mvua tatu za mwanzo, mchanga na mifuko ya plastiki inapokuwa imejaa mdomoni.